Tuwaenzi kwa Jembe, Si kwa Mabango Tu



Kila Februari klabu yetu huandaa jioni ya kuwakumbuka wanaharakati waliopigania haki za watu Weusi katika nchi hii na ambao sasa wametangulia mbele ya haki. Ratiba yake tunaijua sote. Mabango hubandikwa ukutani, mshumaa huwashwa, tunasimama kimya kwa dakika moja, mtu mmoja husoma shairi, kisha tunageukia pilau na sambusa. Picha hupigwa. Kesho yake ukumbi husafishwa na mabango hurudi kabatini kusubiri mwaka mwingine.

Mwaka huu mabango niliyatengeneza mimi. Nilitafuta picha kumi na mbili kwenye intaneti, nikazikuza, nikaandika chini ya kila picha jina na miaka. Mojawapo ilikuwa ya kijana mwenye miwani, amevaa ovaroli ya mkulima. Chini yake niliandika: "Bob Moses, mwanaharakati, 1935–2021". Basi. Sikujua zaidi ya hapo, na kusema kweli sikuona haja ya kujua.

Wengi wenu mnamfahamu bibi mmoja Mmarekani Mweusi anayehudhuria darasa letu la Kiswahili la wanaoanza. Ni mstaafu, alizaliwa Mississippi, na hupenda kuamkiwa shikamoo kuliko sisi wenyewe tunavyopenda kuiitikia. Jioni ile alisimama muda mrefu mbele ya bango la kijana mwenye ovaroli. Nikamsogelea nikitegemea pongezi. Badala yake aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha mwaka wa kwanza: "Mjukuu wangu, vijana hawa walilala wapi? Nani aliwapikia?"

Sikuwa na jibu. Nilitabasamu, nikamletea sahani ya pilau.

Swali lile halikuniacha. Likizo ilipofika nikaanza kusoma, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata pamoja na maoni yangu kuhusu jioni yetu. Naomba mnivumilie, kwa kuwa nitayasema waziwazi.

Robert Parris Moses alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1935. Alisoma falsafa Harvard, kisha akafundisha hisabati katika shule ya sekondari mjini New York. Mwaka 1960 alipoona picha za wanafunzi Weusi wa Kusini wakikaa katika migahawa iliyowakataa, alikwenda kuona kwa macho yake. Huko alikutana na Ella Baker, mama aliyewasaidia wanafunzi hao kuunda chama chao cha SNCC mwezi Aprili mwaka huohuo. Mama Baker aliamini kwamba wananchi wakijengewa uwezo wa kujiongoza hawahitaji mkombozi wa kushushwa kutoka juu. Alimtuma Moses Mississippi, na huko akapokewa na Amzie Moore, mwenyeji wa mji wa Cleveland katika jimbo hilo. Mzee Moore ndiye aliyemwambia kijana yule kwamba kilichohitajika pale si kukaa migahawani bali ni kura.

Hapo jibu la bibi yetu likaanza kuonekana. Walilala kwa watu kama Amzie Moore. Waliwapikia akina mama ambao majina yao hayamo katika bango lolote. Kumpa kitanda mgeni wa aina hiyo Mississippi ya mwaka 1961 kulikuwa na maana ya kuhatarisha kazi, nyumba na roho.

Nilipofika kwenye habari za Herbert Lee niliweka kitabu chini. Alikuwa mkulima Mweusi, baba wa watoto tisa, na alimsaidia Moses kuzungukia vijiji vya wilaya ya Amite. Tarehe 25 Septemba 1961 alipigwa risasi mchana kweupe, mbele ya watu, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba katika mji uitwao Liberty, jina ambalo maana yake ni uhuru. Aliyempiga alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo. Akadai alikuwa akijihami, na akaachiwa. Mmoja wa walioshuhudia, Louis Allen, mkata magogo aliyewahi kuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, alilazimishwa kuunga mkono maneno hayo. Baadaye dhamiri ilimsuta, akawaeleza wapelelezi wa serikali ukweli. Tarehe 31 Januari 1964, siku moja kabla ya kuhama jimbo, aliuawa mbele ya lango la nyumba yake. Hakuna aliyetiwa hatiani hadi leo.

Herbert Lee hakuwamo katika picha zangu kumi na mbili, wala Louis Allen.

Na walikuwa wakidai nini? Walitaka kuandikishwa katika daftari la wapiga kura. Mississippi ilimtaka mtu asome kifungu cha katiba ya jimbo na kukieleza mpaka karani aridhike, na karani Mzungu ndiye aliyechagua kifungu na kuamua nani ameeleza vizuri. Mwalimu Mweusi aliweza kuambiwa hajui kusoma. Ndiyo maana kabla ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, waliokuwa wameandikishwa miongoni mwa Weusi wenye sifa katika jimbo hilo walikuwa kama asilimia 7 tu. Kufikia mwaka 1967 walikuwa karibu asilimia 60. Katikati ya takwimu hizo mbili wamelala watu.

Najua baadhi yenu mnasema moyoni: haya ni mambo ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Swali hilo nalifahamu kwa sababu nilikuja nalo kwenye begi. Wiki yangu ya kwanza hapa, mtu wa nyumbani aliyenitangulia alinionya mezani nisijichanganye sana na Wamarekani Weusi, eti nitapotea. Nilinyamaza nikaendelea kula. Nasikitika kwamba nilinyamaza, na nasikitika zaidi kwamba kwa mwaka mzima niliishi kana kwamba nilikubali.

Tuangalie hesabu yetu vizuri. Chuo Kikuu cha Mississippi kilimpokea mwanafunzi wa kwanza Mweusi mwaka 1962, tena chini ya ulinzi wa askari, na watu wawili walikufa katika ghasia za usiku ule. Sheria ya uhamiaji iliyofuta mgawo uliowapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi ilitiwa saini Oktoba 1965, miezi miwili tu baada ya sheria ya kura. Mlango tuliopitia mimi na wewe na begi zetu haukujifungua wenyewe. Wapo waliousukuma kwa mabega, na baadhi yao wamezikwa Mississippi.

Wao, kwa upande wao, hawakutuona sisi kuwa wageni. Mwishoni mwa mwaka 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Oginga Odinga alizuru Atlanta. Vijana wa SNCC walikwenda kumsalimu hotelini, na baadaye wakamtungia wimbo. Neno "uhuru" likaingia vinywani mwao. Mwaka uliofuata John Lewis, ambaye tulimpoteza Julai 2020, alikutana na Malcolm X mjini Nairobi katika safari yake ya Afrika. Walikuwa wakitutazama na kujifunza kutoka kwetu wakati sisi wenyewe bendera zetu zilikuwa bado zinanukia rangi.

Nilipofika kwenye habari za Same nikacheka peke yangu maktabani, kisha nikaona haya.

Moses alipoitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, alikataa. Alikimbilia Kanada, na hatimaye yeye na mkewe wakaenda Tanzania. Waliishi huko hadi mwaka 1976, na mtu huyu aliyekuwa amepigwa na kufungwa Mississippi alishika chaki akafundisha hisabati shuleni Same, chini ya milima ya Upare. Binti yao mkubwa wakamwita Maisha. Mimi nimepita Same sijui mara ngapi, nikitoka Dar es Salaam kwenda Moshi, kichwa kwenye kioo cha basi, nikihesabu mikonge. Katika shule zote nilizosoma sikuwahi kusikia kwamba mtu huyo alipata kuwa mwalimu wetu. Ilinibidi nivuke bahari, nibandike sura yake ukutani bila kumjua, nisutwe na bibi anayejifunza ngeli, ndipo nijue.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliipenda methali hii, na nadhani Moses aliiishi. Mississippi alikuwa mgeni, akapewa jembe na Amzie Moore. Same alikuwa mgeni, jembe lake likawa hisabati.

Aliporudi Marekani hakuliweka chini. Mwaka 1982, huko Cambridge, Massachusetts, aligundua kwamba shule ya binti yake haikuwa na somo la aljebra kwa darasa la nane. Akaomba ruhusa ya kumfundisha mwenyewe, pamoja na wenzake wachache darasani. Hapo ndipo ulipozaliwa Mradi wa Aljebra, ambao aliufanyia kazi hadi alipofariki, tarehe 25 Julai 2021, akiwa na miaka 86. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kubeba: katika miaka ya 1960 mtu Mweusi alifungiwa nje kwa kunyimwa kura, na katika zama za kompyuta mtoto wa maskini anafungiwa nje kwa kunyimwa hisabati. Mtoto asiyepata aljebra mapema hafikii masomo ya hisabati ya juu anapomaliza sekondari, na asiyeyafikia hayo hukuta milango ya uhandisi, udaktari na sayansi imeegeshwa. Hakuna karani anayemfukuza. Anaambiwa tu kwamba hesabu si kipaji chake.

Na hakuwafundisha kwa kukaririsha. Aliwapandisha watoto treni ya mjini, wakarudi wakachora safari yao, wakachagua kituo kimoja kuwa mwanzo, wakaona kwamba safari ina umbali na ina mwelekeo pia. Hapo namba hasi zikapata maana. Nimejaribu njia hiyo kwa watoto wawili wa jirani zangu, nikatumia barabara yetu. Same ni sifuri. Ukienda mbele, Mwanga ni moja, Moshi ni mbili. Ukirudi nyuma, Mombo ni hasi moja, Korogwe ni hasi mbili. Kutoka Korogwe hadi Moshi ni hatua ngapi? Nne. Mdogo wao aliyekuwa akililia namba hasi wiki nzima aliniambia, "Kumbe ni kurudi nyuma tu!"

Watoto hao ni wa familia ya Kikongo. Walizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na wanazungumza Kiswahili kitamu kuliko cha baadhi yetu tunaosomea shahada. Familia kama yao zipo kadhaa katika mji huu, dakika ishirini kwa basi kutoka kwenye ukumbi tunakowasha mshumaa. Shuleni wanafundishwa hisabati kwa Kiingereza ambacho hawajakizoea, na wakishindwa kuelewa lugha huandikwa kuwa wameshindwa hesabu. Sasa niambieni, hapo wanaharakati waliokufa wangetaka tuwafanyie nini? Wangetaka tuwaongezee ukubwa wa bango?

Hoja yangu basi ni hii. Jioni ya Februari isifutwe, kwa sababu kukumbuka ni wajibu na kula pamoja ni jambo jema. Lakini kumbukumbu isiyomgharimu mtu chochote ni pambo, na hawa watu hawakuishi ili wawe mapambo yetu. Moses mwenyewe alilihofia jambo hilo. Mwanzoni mwa mwaka 1965, alipoona watu wanaanza kumfanya Musa wa kuwavusha bahari, aliacha kutumia jina la Moses akawa Robert Parris, kwa jina lake la kati. Mtu aliyelikimbia jina lake asigeuzwe sanamu, sisi tumemgeuza bango.

Napendekeza mambo manne.

Kwanza, tupunguze picha. Badala ya sura kumi na mbili tusizozijua, tuchague maisha ya mtu mmoja au wawili kila mwaka na tuyasome sawasawa. Na kwa kila jina kubwa tutaje pia wenyeji waliompokea. Mwaka ujao tuanze na Herbert Lee na Louis Allen.

Pili, tuwaalike wazee wa mji huu wakiwa bado hai. Bibi yetu wa darasa la kwanza amekaa nasi miaka miwili, na hakuna aliyewahi kumuuliza mama yake aliandikishwa lini kupiga kura. Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wamsikilize, wamrekodi kwa ridhaa yake, waandike kwa Kiswahili. Mzee akifa tunasema maktaba imeungua, ilhali tulikuwa na ufunguo mfukoni.

Tatu, kila Jumamosi saa mbili za hisabati kwa watoto wanaozungumza Kiswahili na majirani zao Wamarekani Weusi, chumba kimoja, meza moja. Sizungumzii hisani ya kuwashushia watoto. Mradi wa Moses uliwatumia wanafunzi wakubwa kuwafundisha wadogo, na sisi tutajifunza Kikongo cha Kiswahili na Kiingereza cha mtaani tusichofundishwa darasani.

Nne, tuandike kijitabu cha kurasa kumi kwa Kiswahili chepesi kuhusu mwalimu huyu wa Same, tukipeleke nyumbani kwa wanafunzi wa sekondari. Ni haki yao kujua kwamba somo la hisabati wanaloliogopa liliwahi kushikwa na mtu aliyeliona kuwa sehemu ya ukombozi.

Kuna pingamizi mbili nilizokwisha kuzisikia. Ya kwanza inasema: sisi tuna viza za wanafunzi, tusijiingize kwenye siasa za watu. Nakubali tahadhari hiyo. Asiye raia haruhusiwi kupiga kura hapa, wala asithubutu kujiandikisha, na anayetaka kujitolea popote aanze kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni. Lakini kumweleza mtoto kwamba nusu ni kubwa kuliko theluthi si siasa ya kumrudisha mtu kwao. Na wenzetu ambao tayari ni raia wana kura ambayo Louis Allen hakuipata. Waitumie.

Ya pili inasema: tunao mashujaa wetu wenyewe, kwa nini tuwalilie wa wengine? Hii inaniumiza zaidi kwa sababu inagawa kisichogawika. Walter Rodney alizaliwa Guyana, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akauawa Georgetown mwaka 1980. Ni wa nani? Bob Moses ni wa Harlem, wa Mississippi na wa Same. Ni wa nani? Waliotutangulia hawakuuliza swali hilo kabla ya kufungua mlango.

Nimekwisha mweleza bibi niliyoyasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha namna ya kutamka jina la mji mmoja, kisha akaniambia kwamba shangazi yake aliwahi kuwalaza vijana wawili wa harakati sakafuni mwa sebule yake, na kwamba asubuhi aliwapikia uji wa mahindi. Nikamuuliza jina la shangazi huyo. Amenitajia, ila amesema atatusimulia mwenyewe Februari ijayo, kwa Kiswahili, na kwamba anahitaji msaada wa wakati uliopita.

Nani atakaa naye wiki hii kumfundisha? Na nani atakuja nami Jumamosi, saa nne asubuhi, na chaki? Siku ya tatu imekwisha fika, na jembe lipo.